Mbuzi Aliyenona Mwaka wa Njaa

Tulipomaliza kumzika mama mkwe wangu kijijini Tlawi, wanawake walituketisha sisi tuliotoka mbali kwenye chumba cha mbele, wakatuletea makande kwenye sahani za bati na chai ya rangi. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nimeishi Babati miaka mingi na baridi ya Mbulu nimeshaisahau. Nilijifunga khanga mbili mabegani na bado meno yalikuwa yanagongana. Wanaume, pamoja na mume wangu Emanueli, ambaye ndiye mtoto wa marehemu, walikuwa uani wakipanga viti. Basi binti mmoja, mjukuu wa marehemu anayesoma chuo, akaniuliza kwa sauti iliyosikika chumba kizima: "Mama Yasinta, ni kweli wewe ndiye uliyemfufua mbuzi? Bibi alikuwa anatusimulia kila Krismasi. Alisema mbuzi alikuwa mifupa mitupu, ukambeba mgongoni kama mtoto." Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani ambacho kila mtu anakipokea kwa shukrani. Mama mmoja akadakia kwamba mwaka ule ulikuwa wa njaa, watu walikonda, mbuzi wa marehemu Martina akanona. Wakacheka zaidi. Mama Ana, jirani yetu wa zamani, alikuwa amekaa karibu na mlango, sahani magotini. Yeye hakucheka wala hakuinua uso. Aliendelea kula punje moja moja. Kule kaburini tulikuwa tumesalimiana, nikampa shikamoo yake, akaipokea, akaniuliza habari za Babati, nikasema nzuri, tukaishia hapo. Sasa nilimwambia yule binti, "Ni kweli, mbuzi alipona," nikanywa chai yangu.

Tangu nirudi nyumbani sijatulia. Hadithi ile, kama inavyosimuliwa, ina mbuzi, ina mama mkwe, ina mimi, na wote ndani yake wanapona. Kati ya waliokuwa watu wazima wakati ule, wanaojua kilichoachwa nje tumebaki wawili tu, na mmoja ana zaidi ya miaka sabini. Hata Emanueli hajui. Ndiyo maana naandika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka tambarare za Hanang, kwa watu wa ng'ombe, nikaolewa na kijana wa Mbulu niliyemfahamu alipokuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano ya kwetu. Alinileta kwa mama yake, akakaa siku kumi, akarudi kazini. Tukabaki wawili, mimi na Mama Martina, ndani ya nyumba ya udongo yenye paa la bati na vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi, meza na picha ya Bikira Maria iliyofifia kwa moshi. Cha nyuma kilikuwa na kitanda chake, magunia chini ya kitanda, na mkeka wangu upande wa ukuta. Nyuma ya ukuta huo ndipo alipofungwa mbuzi. Ukuta ulikuwa mwembamba na udongo umebanduka sehemu nyingi. Nikilala nilimsikia akipumua. Ukiwa bandani nako, ulisikia kila neno lililosemwa chumbani.

Mama mkwe alinisemesha Kiswahili, na kwa kifupi. Chota maji. Funika chungu. Mlango. Na wenzake aliongea Kiiraqw, na lugha ile haina undugu wowote na ya kwetu. Mwanzoni niliisikia kama mtu anavyosikia maji yakipita kwenye mawe. Mwezi wa tatu nikaanza kudaka maneno, mboga, kuni, mvua. Mwezi wa sita nilikuwa naelewa karibu kila kitu. Sikumwambia mtu. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa mgeni ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, na kuelewa kwangu kulikuwa mali yangu pekee ndani ya nyumba ile.

Mbuzi mwenyewe alikuwa wa maziwa, wa kizungu, alitolewa na mradi wa parokia. Alikuwa wa kahawia na mistari miwili myeupe iliyoshuka usoni, kama kitambaa cha mtawa, kwa hiyo Ana, mtoto wa jirani, msichana wa miaka minane, akamwita Sista. Mama mkwe hakulitumia jina hilo kwa kuogopa dhambi, lakini hakulikataza. Mtoto wa kwanza wa mbuzi huyo alikufa kabla sijafika. Baada ya hapo mama mkwe akaanza kuumwa miguu, akawa hawezi kwenda kukata majani, akamfunga kwenye nguzo na kumtupia mabua makavu. Nilipofika, mgongo wake ulikuwa umechongoka ungedhani ni makali ya panga, na manyoya yalitoka ukiyashika. Mimi sikumjali. Kwetu mbuzi ni kazi ya watoto. Nilimpa maji nilipoambiwa nimpe maji.

Siku niliyoanza kumjali naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Dada yake mama mkwe alikuja kutoka Dongobesh, mchana, wakaketi chumba cha nyuma kwa sababu ya upepo. Mimi nilikuwa bandani nikizoa mavi. Wakaanza kunong'ona juu yangu, kisha wakasahau kunong'ona. "Tangu aingie huyu binti wa tambarare," mama mkwe alisema, "kila kitu kimekauka. Miezi minane, tumbo tupu. Hata mbuzi ameanza kukonda kwa mkono wake." Dada yake akasema, "Mrudishe kwao kabla Emanueli hajamzoea." Kisha mama mkwe: "Wa parokia wakija kukagua, wakamkuta mbuzi amekufa, nitamrudisha siku hiyo hiyo. Nitakuwa na sababu." Nilisimama na mavi mikononi. Mbuzi aliniangalia kwa macho yale ya njano, mdomo haufanyi kitu, hata kucheua alikuwa ameacha. Nilijua mtu aliyemkondesha hakuwa mimi. Nilijua pia kwamba hakuna atakayeuliza. Nikasema moyoni kwamba mbuzi huyu hatakufa, na sikusema kwa huruma.

Wiki ile ile nilikwenda kwa miguu mpaka Mbulu mjini, nikamwomba bwana mifugo aje. Alikuja Ijumaa na baiskeli, mtu mfupi mwenye koti refu, akamsalimu mama mkwe kwa heshima, "Shikamoo mama," akaingia bandani. Alivuta kope la mbuzi akanionyesha ndani: peupe kabisa, kama karatasi. Akashika uvimbe chini ya taya, uliojaa maji. Akainua mguu, kwato zilikuwa zimekua mpaka zimepinda mbele kama viatu vilivyokanyagwa. Akapitisha vidole kwenye uti wa mgongo, taratibu, pingili moja baada ya nyingine.

"Minyoo imemnyonya damu," alisema. "Na kwato hizi zinamuuma, hawezi kusimama ale. Nani anamlisha?"

Mama mkwe aliangalia pembeni. Nikasema, "Mimi."

"Binti, nisikilize. Leo nampa dawa, baada ya wiki tatu narudia. Wewe kazi yako ni kumlisha kidogo kidogo. Majani mabichi, marando ya viazi, majani ya mti wa lukina kama yapo. Pumba ya mahindi, ngumi moja asubuhi, ngumi moja jioni, basi. Ukimjazia pumba kwa kumwonea huruma, tumbo litamvimba na utamuua kwa siku mbili."

"Na maziwa?" mama mkwe aliuliza.

"Maziwa mpaka azae, mama. Na asipelekwe kwa beberu mpaka nyama ifunike huu mgongo. Sasa hivi mimba itamuua." Akamtazama tena mbuzi, akatikisa kichwa. "Huyu hakuugua ghafla. Ameachwa." Alisema hivyo kwa Kiswahili na mimi tu ndiye niliyekuwa karibu, lakini mama mkwe alisikia. Hakunisemesha mpaka jioni.

Nikaanza. Nilichonga kwato kwa kisu, kipande kwa kipande, yeye akilia na mimi nikimbana kichwa kwapani. Nilikwenda bondeni kukata majani asubuhi na mchana. Nilimpa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo na sukari kidogo, kwa chupa ya soda, nikimwinua taya ili asipaliwe. Wiki ya pili alianguka. Niliingia asubuhi nikamkuta amelala ubavu, shingo imenyooka, baridi mpaka masikioni. Nilimpitisha gunia chini ya tumbo, nikalifunga kamba juu kwenye boriti, nikamning'iniza hivyo ili miguu iguse chini. Jua lilipotoka nilimfungua, nikambeba mgongoni kwa khanga, nikampeleka nje kwenye ukuta unaopata joto. Hiyo ndiyo sehemu watu wanaipenda. Kwa kweli nilimbeba kama mtu anavyobeba kuni, nikihesabu hatua, nikiogopa nitakachofanya akifia mgongoni kwangu. Nilimsugua miguu kwa gunia kavu mpaka viganja vikaota malengelenge. Siku nne mfululizo. Siku ya tano, nikiwa nimekaa karibu yake namenya viazi, nilisikia sauti nisiyoitegemea. Anacheua. Nikaacha kumenya. Taya lilikuwa linakwenda kushoto, linarudi kulia, macho yamefumba nusu. Nililia pale ukutani, na Ana, aliyekuwa amekuja kuomba moto kwa ajili ya mama yake, akaniuliza, "Sista amekufa?" Nikamwambia hapana, anakula.

Mvua za Novemba zilinyesha wiki mbili zikakata. Watu walipanda, mahindi yakafika magotini, yakakunjamana. Wakapanda tena Januari kwa mbegu ya mwisho. Naukumbuka mwaka ule kwa sufuria. Krismasi tulikula ugali na maharage. Februari ugali na majani ya kunde. Kisha ugali ukawa wa mara moja kwa siku, kisha ukawa uji, kisha mama mkwe akaanza kukoroga uji akiwa amenipa mgongo, ili nisione unga ulivyo kidogo. Tulikunywa kila mmoja akiangalia kikombe chake. Kwa jirani walikuwa wameshaanza kuchanganya pumba kwenye uji, na hawakuwa peke yao. Sisi pumba tulikuwa nayo. Kaka yake mama mkwe alikuwa na mashine ya kukoboa Dongobesh, na kabla mambo hayajawa mabaya alitupa magunia mawili kwa ajili ya mbuzi. Yalikuwa chini ya kitanda. Moja liliisha. La pili lilibaki nusu.

Na mbuzi alikuwa ananona. Siwezi kuficha nilivyofurahi. Manyoya yalirudi, yakang'aa. Nilipitisha vidole mgongoni kila asubuhi kama bwana mifugo alivyofanya, na kila wiki pingili zilizidi kuzama. Nilikuwa nakonda mimi, khanga inanizunguka mara mbili na nusu, na mgongo wa mbuzi unafunikwa, na nilihisi kama mtu anayeshinda kesi. Mwishoni mwa Februari bwana mifugo alikuja, akamshika, akaniangalia mimi, akamwangalia mama mkwe, akasema, "Sasa mpelekeni." Tulimpeleka kwa beberu wa parokia. Wiki tatu zikapita bila kurudi joto, yaani bila kutaka dume tena, tukajua ameshika mimba. Mama mkwe siku hiyo aliniita "mwanangu" kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mwanangu, weka chai."

Mama Ana alikuja mwezi wa tatu, asubuhi. Mama mkwe alikuwa ameondoka kwenda zahanati kwa ajili ya miguu. Mimi nilikuwa mlangoni pa banda, nimetoka kumpa mbuzi pumba yake, ambayo kwa sababu ya mimba nilikuwa nimeiongeza kutoka ngumi moja kuwa kopo. Mama Ana alikuwa mwanamke mrefu, asiyeongea sana, mume wake alikuwa ameshuka Yaeda Chini kutafuta kibarua cha kuchunga na hakuwa ameleta habari. Mgongoni alikuwa na mtoto wake wa mwisho, Daniel, wa miaka miwili. Miguu ya mtoto ilitokea chini ya kitenge, imevimba, inang'aa, na nywele zake zilikuwa zimegeuka nyekundu kama majani ya mahindi yaliyokauka. Hakuwa analia. Alikuwa ameacha kulia siku nyingi.

"Hodi," alisema. "Mama Martina yupo?"

"Ametoka."

Kwa watu wale kuomba si kazi nyepesi. "Nilikuwa naomba pumba kidogo," alisema. "Nimkorogee huyu uji. Kopo moja tu. Nitarudisha."

Nikasema, "Pumba imeisha, Mama Ana."

Aliangalia mikono yangu. Nikaiangalia na mimi. Ilikuwa myeupe mpaka kwenye vifundo. Nyuma yangu mbuzi alikuwa anaramba sufuria, ulimi unakwaruza chuma, na sauti ile ilijaa uwanja wote. Mama Ana alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kitenge. "Haya," alisema. "Asante." Akaenda.

Miaka baadaye, hapa Babati, nilimuuliza nesi mmoja tunayeimba naye kwaya, bila kumwambia sababu, kama uji wa pumba ungeweza kumsaidia mtoto wa namna ile. Akasema, "Pumba? Hapana. Huyo alihitaji maziwa, mayai, na hospitali mapema." Nilirudi nyumbani na jibu hilo kama mtu aliyepewa vidonge, likanituliza siku mbili. Kisha nikakumbuka kwamba asubuhi ile sikuwa najua hayo. Sikumnyima kwa sababu pumba haifai kwa mtoto. Nilimnyima kwa sababu mbuzi alikuwa na mimba, na mbuzi akifa ningerudishwa kwetu. Mama mkwe aliporudi aliniuliza kama kuna mtu amekuja. Nikasema hapana.

Wiki tatu baadaye Mama Ana alimbeba Daniel kwenda hospitali, Mbulu. Alipita mbele ya nyumba yetu alfajiri, akamsalimu mama mkwe kwa haraka. Saa sita mchana tulikuwa tumekaa nje tukichambua mboga, tukamwona anarudi kwenye njia ile ile, mtoto mgongoni, mwendo ule ule. Alitupita. Hakutusalimu. Mama mkwe akasimama, majani yakaanguka kutoka mapajani, na akaweka mkono mdomoni. Kule kwetu sote, juu na chini, mtu hapiti mbele ya mkubwa wake bila kumwamkia isipokuwa kwa jambo moja tu.

Siku ya msiba wanawake walijaa chumba cha Mama Ana. Hapakuwa na chakula cha kupika, kila mmoja alikuja na kiazi, na karanga, na kijiko cha chumvi. Nilikaa ukutani, karibu na mama mkwe, miguu nimeikunja. Walikuwa wanaongea Kiiraqw, na kwa sababu nilikuwa yule binti wa tambarare asiyejua kitu, waliongea kama sipo. Mwanamke mmoja akauliza, "Lakini kwa Martina si kulikuwa na pumba ya mbuzi? Kwa nini hukuomba?" Mama mkwe naye akageuka, macho yamejaa machozi, akasema, "Ndiyo, kwa nini hukuja kwangu? Ningekupa. Miaka ishirini tunaazimana moto, kwa nini hukuja?"

Mama Ana alikuwa amekaa chini, mikono imelala mapajani kama si yake. Hakuniangalia. "Sikuomba," alisema.

"Hukuomba?"

"Sikuomba. Niliona aibu."

Kisha, kutoka kwenye kona, mama mmoja mzee akasema polepole, "Basi ni kiburi. Kiburi kimemla mtoto." Na mwingine akaguna kukubali. Nilielewa kila neno. Mama mkwe alinigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, kwa upole, "Wanasema mama huyu aliona aibu kuomba," akidhani ananisaidia. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Nilikaa pale. Nimefanya mambo mengine mabaya maishani, lakini mengine yote yalikuwa na sehemu ya haraka au ya hasira. Hilo nilikuwa na muda wa kutosha kulizuia. Maneno mawili tu ya Kiiraqw yangetosha, na nilikuwa nayo mdomoni.

Mahindi ya Januari yalitoa kidogo, mwezi wa saba tukavuna, njaa ikalegea. Mwezi huo huo, katika ile baridi inayouma mifupa, Sista alizaa mapacha, wote majike, wakasimama kabla hajamaliza kuwaramba. Bwana mifugo alikuja kuwaona. Wa parokia walikuja, wakamsifu mama mkwe, na yeye, kwa haki yake, akanishika bega akasema, "Sifa ni za huyu." Emanueli alirudi kwa wiki mbili akakuta mama yake ananipa kiti. Watoto wa mbuzi walipokwisha kunyonya dang'a, yale maziwa mazito ya siku za mwanzo, nikakamua kikombe cha kwanza cha maziwa ya watu. Yalitoa povu. Mama mkwe aliyaangalia, hakuyagusa. "Haya ya kwanza," alisema, "mpelekee Mama Ana. Ana anywe. Tangu msiba sijawahi kumpelekea kitu." Nikasema labda yeye mwenyewe ayapeleke, ni mkubwa. Akasema, "Nenda wewe. Wewe ndiye uliyeyatafuta."

Nyumba ilikuwa hatua mia moja tu. Nilifunika kikombe kwa sahani, nikatembea polepole. Mama Ana alikuwa jikoni, amepiga magoti mbele ya mafiga akipuliza moto usiotaka kuwaka. Ana alikuwa amekaa kwenye kigogo, magoti makubwa kuliko mapaja. Nilisema hodi, nikasema nimetumwa, nikaweka kikombe chini. Mama Ana aliyatazama maziwa kwa muda mrefu.

"Mbuzi alikuwa anakula kiasi gani?" aliuliza.

"Lini?"

"Siku zile."

"Kopo asubuhi," nilisema. "Kopo jioni."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa bei ya kitu. Ndipo niliposhindwa. Nilipiga magoti kwenye majivu nikamwomba msamaha, na nilimwomba kwa Kiiraqw, kibovu, kwa sababu niliona haifai kumwomba kwa lugha ya shuleni. Mkono wake ukasimama juu ya moto.

"Kumbe unajua," alisema.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya msiba."

"Basi ulisikia waliyosema juu yangu."

"Nilisikia."

"Na ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwa nimekaa."

Ana alituangalia, mmoja kisha mwingine. Mama yake alichukua kijiti, akasogeza moto. Aliposema, hakupandisha sauti. "Usidhani nilikuficha kwa kukupenda. Ningesema kweli, Martina angekurudisha kwenu jioni ile ile. Yeye miguu haina nguvu. Mbuzi angekufa. Nilikuwa nimebakiwa na mmoja," akamwonyesha Ana kwa kidevu, "na mbuzi alikuwa na mimba, na wewe ndiye uliyejua kumlisha. Nilihesabu nikiwa nimekaa pale chini, mtoto wangu hajazikwa. Nilihesabu miezi."

Nilitaka anipige.

"Utaleta kila asubuhi," alisema. "Wewe mwenyewe. Siyo Martina."

Nikaleta kila asubuhi. Mama mkwe alidhani ni wema wangu, akawasimulia watu kanisani. Ukungu uwepo au usiwepo, nilikamua, nikafunika kwa sahani, nikaenda hatua mia moja. Magoti ya Ana yalianza kurudi kuwa magoti ya mtoto. Alikunywa amesimama mlangoni, akiniangalia juu ya ukingo wa kikombe, mdomo umeota masharubu meupe. Mama yake alikipokea, akakisuuza kwa maji, akakipindua kikachuruzika, akanirudishia. Hakusema asante hata siku moja, na hata siku moja hakukataa.